Nondo wa Mabua ya Mahindi

Mkulima, ukiona muhindi mchanga umekauka jani la katikati, na majani ya pembeni yangali mabichi, livute jani hilo. Likitoka kwa urahisi, nalo limeoza chini, usilaumu jua wala udongo: ndani ya bua yumo kiwavi.

Mama yake ni nondo mdogo, rangi ya majani makavu, arukaye usiku. Asili yake ni Asia. Katika Afrika alionekana kwanza Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mwaka 1932; miaka ishirini baadaye alikuwa amekwisha fika Tanganyika. Hutaga mayai juu ya majani ya mahindi na mtama, yakilaliana kama magamba ya samaki. Viwavi wachanga hula kwanza majani ya moyoni, kisha hutoboa bua na kuingia. Akiisha kuingia, dawa ya kunyunyiza haimfikii.

Kwa hiyo vita yako hasa ni baada ya mavuno. Kiwavi hulala ndani ya bua kavu kiangazi chote, akingoja mvua. Mabua uliyosimamisha uani kwa kuni au kwa ua ndiyo nyumba yake, nawe ndiwe umtunzaye! Sikuambii uyachome yote, maana kuni ni haba. Yalaze juani, moja moja, kwa majuma manne. Joto litamwua, na kuni zitabaki zako. Usiyarundike, kwa kuwa ya chini hayatapata jua. Mwambie na jirani yako, kwani nondo watokao uani kwake watakuja kwako.

Ukipasua bua bichi na kukuta vifuko vidogo vyeupe vimeshikamana kama pamba kando ya kiwavi aliyenyauka, viache. Hao ni watoto wa nyigu mdogo sana aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu huyo humfuata kiwavi ndani ya tundu lake na kumtagia mayai mwilini. Watoto wake humla.

Tena, panda majani ya tembo kuzunguka shamba. Nondo hupenda kutaga humo kuliko katika mahindi, lakini utomvu wake hunata, na viwavi wengi hufa. Acha nafasi ya hatua moja kati yake na mstari wa kwanza wa mahindi. Ukiyakata kulisha ng'ombe, usiyakate yote kwa siku moja.