Maua ya porini: twende lini, wapi?

Swali: Nauza nyama Soko la Burma. Nataka kuwapeleka watoto kwa gari wakaone maua ya porini. Twende lini, wapi?

Jibu: Ndugu yangu, ngojeeni mvua za vuli zishike, kwa kawaida Novemba. Tokeni na Jogoo Road hadi Outering, mwingie Mombasa Road, mpite Athi River. Kwenye nyanda za Kapiti, maua meupe, mepesi kama karatasi ya shashi, hutapakaa katikati ya nyasi. Hayo ni Cycnium tubulosum, mmea unaofyonza maji na madini kutoka mizizi ya nyasi jirani. Ndiyo maana ni vigumu kuuhamishia nyumbani. Msiache lami, kwani udongo mweusi ukilowa hunasa magurudumu. Na tafadhali, watoto wasiyachume: yakinyauka hugeuka meusi.