Sindano ya Miezi Mitatu Baada ya Kujifungua: Damu Ikibadilika

Mama, siku unayompeleka mtoto kliniki kwa chanjo za wiki sita, uliza pia kuhusu sindano ya uzazi wa mpango. Anayenyonyesha husubiri wiki hizo sita zitimie. Asiyenyonyesha anaweza kuanza mapema zaidi. Sindano haikaushi maziwa.

Kinachowatisha wengi hapa Lusewa, kama kwingineko, ni damu. Miezi ya mwanzo huweza kutoka matonematone bila mpangilio, au ikapitiliza siku ulizozoea. Baadaye hupungua, na wengi hukaa miezi bila kuona siku zao. Hapo ndipo maneno huanza: damu imejaa tumboni, itageuka uvimbe. Si kweli. Kila mwezi ndani ya mfuko wa uzazi hujengeka utando, nao ukibomoka ndiyo hedhi. Dawa ya sindano huuacha utando huo mwembamba, kwa hiyo hakuna damu iliyojikusanya inayosubiri kutoka. Mama wakwe na mashangazi, lijueni hili, maana ninyi ndio mnaoulizwa kwanza.

Wengine huongezeka uzito, huumwa kichwa au hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Usivumilie kimya wala usiache kimyakimya. Mhudumu anaweza kukupa dawa ya kupunguza damu, au mkachagua njia nyingine: kipandikizi, kitanzi, vidonge.

Lakini nenda kituoni haraka ukitokwa na damu nyingi kuliko kawaida yako na haikomi, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, macho yakiwa ya njano, au ulipochomwa pakivimba na kutoa usaha.

Baba, nawe sikia. Mkeo akiacha sindano, mimba huweza kukawia: kwa wastani hupita kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Hajafungwa kizazi, asisemwe. Mkitaka mtoto mwakani, pangeni mapema. Ila msitegemee kukawia huko kama kinga, kwani wapo wanaoshika mimba mapema.

Ukishachomwa usipasugue wala kupakanda. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi. Mvua au shamba likikuchelewesha, nenda tu. Mradi hazijapita wiki nne tangu tarehe hiyo, bado unaweza kuchomwa. Zikipita, tumieni kondomu na umweleze mhudumu. Kondomu hiyo ndiyo pia kinga ya Virusi vya UKIMWI, kwani sindano haizuii.