Rafiki yangu ameacha kanisa, nimsaidieje?

SWALI: Rafiki niliyeimba naye kwaya tangu kipaimara haji tena ibadani. Alifiwa na mtoto, sasa anasema haamini. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, usianze na mistari ya Biblia, wala usiwatume wazee wa kanisa kwake kabla hajaomba. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika alimpa mkate na maji mara mbili. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu. Fuata mpangilio huo. Mpelekee chakula, keti naye, mtaje mtoto kwa jina. Watu huogopa kulitaja, na kimya hicho humwumiza sana mama. Akisema amemkasirikia Mungu, usimkatize: Zaburi ya 88 inaishia gizani, nayo imo katika Biblia hiyohiyo. Mwombee, ila usiyapeleke mambo yake kwenye jumuiya kama ombi la wote. Krismasi mwalike mara moja tu. Akikataa, mpelekee pilau nyumbani. Lakini akikosa usingizi, akiacha kula au akizungumzia kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, umsindikize mwenyewe.