KAHARABU YA KWELI NA YA BANDIA
Mdudu aliyemo ndani si ushahidi wa kutosha

Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kitu kigumu, chepesi na chenye rangi ya asali. Utomvu huo ulipokuwa ukitiririka juu ya gome, wadudu, buibui na, kwa nadra, hata mijusi walinasa humo wakafunikwa. Kwa kuwa walitengwa na hewa, maumbo yao hayakuharibika upesi. Ndiyo maana mtaalamu aweza leo kuhesabu vinyweleo vya mguu wa mdudu aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita.

Thamani hiyo, kwa sayansi na kwa fedha, imewavutia walaghai. Basi anayekabidhiwa kipande chenye mnyama ndani hana budi kuuliza maswali mawili. Je, hii ni kaharabu? Na je, mnyama huyu alifia humu? Jibu la swali la kwanza halitoshi kuwa jibu la swali la pili.

Kaharabu na sandarusi

Utomvu mbichi una mafuta ambayo huvukiza. Ukizikwa ardhini, mafuta hayo hupotea polepole, na chembe zinazobaki huungana zikawa kama wavu mmoja mgumu. Kazi hiyo huchukua muda mrefu mno. Kaharabu ya pwani ya Bahari ya Baltiki ina umri wa zaidi ya miaka milioni 30. Ile ya Myanmar inayojulikana zaidi ina umri wa miaka milioni 99 hivi.

Utomvu mgumu ambao haujafikia hali hiyo ndio sandarusi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu tangu zamani, kwani hutoka katika mti wa msandarusi, ambao jina lake la kitaalamu ni Hymenaea verrucosa. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa Mrima, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi. Wafanya biashara walitofautisha utomvu mchanga, ulioitwa chakazi, na ule uliokaa ardhini ukawa na vijipele juu ya uso wake, ambao ndio uliokuwa na bei kubwa. Hata hivyo, huo uliochimbwa nao ni mchanga mno ukilinganishwa na kaharabu. Kwa kuwa sandarusi ina rangi ile ile na wadudu wengi, huuzwa mara nyingi kwa jina la kaharabu.

Kuchunguza kipande

Majaribio yafuatayo yamepangwa kuanzia lile lisilodhuru.

Kwanza ni maji ya chumvi. Gramu 200 za chumvi huyeyushwa katika lita moja ya maji, kisha kipande hutiwa humo. Kaharabu huelea, kioo, bakelaiti na plastiki nyingi huzama. Lakini sandarusi nayo huelea, na plastiki ya aina ya polistireni vilevile. Kwa hiyo kuzama humaanisha kwamba kipande si kaharabu, ila kuelea hakuthibitishi kwamba ni kaharabu. Baada ya jaribio kipande husuuzwa kwa maji baridi.

Pili ni kusugua kwa kitambaa cha sufu. Kaharabu iliyosuguliwa huvuta vipande vidogo vya karatasi. Jina lenyewe la kaharabu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kinachonyakua majani makavu. Lakini plastiki nayo huvuta, hivyo jaribio hili peke yake ni dhaifu.

Tatu ni tone la asetoni, linalowekwa pembeni, mbali na mnyama. Sandarusi hulainika na kunata. Kaharabu hubaki ngumu. Hili ndilo jaribio rahisi linalosaidia zaidi kutenganisha hizo mbili.

Nne ni sindano ya moto. Plastiki hutoa harufu kali ya kuchukiza. Kaharabu na sandarusi hutoa harufu ya utomvu, ila sandarusi huyeyuka kwa urahisi zaidi. Jaribio hili huacha kovu, nalo halifai kwa kipande cha thamani. Katika maabara, kipimo cha mionzi ya infraredi hutoa jibu la uhakika zaidi.

Kumchunguza mnyama

Mdudu aliyenasa alijitahidi kujinasua. Miguu yake huwa imepinda, pengine bawa limekatika, na mistari ya mtiririko wa utomvu humzunguka. Wengi wao ni wadogo, wa milimita chache tu. Nge mkubwa au mjusi aliyenyooshwa vizuri katikati ya kipande angavu apaswa kutiliwa shaka. Kwa hadubini, mchunguzi hutafuta mstari wa kiungo, viputo vilivyopangika katika bapa moja, na tofauti ya rangi baina ya pande mbili.

Nzi aliyewahadaa wataalamu

Jumba la makumbusho ya viumbe la London lilinunua mwaka 1922 kipande cha kaharabu ya Baltiki chenye nzi. Mwaka 1966 mtaalamu mashuhuri wa Kijerumani, Willi Hennig, alimtambua nzi huyo kuwa Fannia scalaris, nzi wa vyooni anayeishi hata leo. Ikaonekana kwamba aina hiyo imedumu bila kubadilika kwa mamilioni ya miaka.

Mwaka 1993 Andrew Ross alikuwa akikitazama kipande hicho kwa hadubini. Joto la taa likafanya ufa uonekane karibu na nzi. Kumbe kaharabu ilikuwa imepasuliwa, ikachimbwa shimo, nzi akatiwa humo, kisha pande mbili zikagundishwa. Kaharabu ilikuwa ya kweli; nzi ndiye aliyekuwa wa uongo. Majaribio yote ya chumvi na asetoni yasingemfichua.

Nayo sandarusi si takataka. Wadudu waliomo ni kumbukumbu ya misitu ya pwani, ambayo sehemu yake kubwa imekwisha fyekwa. Ikiuzwa kama kaharabu, kumbukumbu hiyo hupotea. Kwa hiyo mwenye kuokota kipande na aandike mahali kilipopatikana, kina cha shimo na tarehe, kisha akihifadhi pamoja na maandishi hayo.