Okidi Nazo Zinahitaji Kupumzika



Tunapotembelea vikundi vinavyotunza bustani za maua ya altare, tunaulizwa mara kwa mara: kwa nini okidi iliyonunuliwa ikiwa na maua haichanui tena? Mara nyingi mmea wenyewe ni mzima, majani yanang'aa. Tatizo ni kumwagiliwa mwaka mzima.

Tuchukue Dendrobium nobile, inayofaa nyanda za juu kama Lushoto na Njombe. Kwao ni miteremko ya Himalaya, ambako mvua nyingi hufuatwa na miezi mikavu yenye baridi. Kwetu, kipupwe cha Juni hadi Agosti chaweza kufanya kazi hiyo.

Anzeni pale mashina mapya yanapokoma kurefuka na jani la mwisho kufunguka. Mbolea isimame kabisa. Maji yawe kidogo tu, ya kuzuia mashina yasinyauke. Mikunjo michache isiwatishe. Mmea ukae penye mwanga mwingi, na usiku pafikie nyuzi 10 hadi 13 za Sentigredi, kwa wiki 6 hadi 8 hivi. Majani ya mashina ya zamani yakidondoka, tafadhali msiung'oe! Wakulima wa kahawa wataelewa upesi: mbuni nao huzuia vitumba vyake wakati wa ukame, na mvua ikinyesha ndipo unachanua.

Kazi ngumu ni kusubiri. Mtu akiona vinundu kwenye vifundo vya shina hukimbilia ndoo. Maji yakizidi mapema, vinundu hugeuka miche midogo badala ya maua. Ngojeni hadi vitumba vionekane wazi.

Phalaenopsis ni tofauti. Haina mashina manene ya kuhifadhi maji, kwa hiyo isikaushwe. Usiku wa nyuzi 15 hadi 18 kwa wiki chache huitosha.

Liko pia suala la fedha za wahisani. Ansellia africana, okidi yetu ya asili yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, hubanduliwa porini ikauzwe, na inapungua, ingawa biashara ya kimataifa ya okidi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kabla ya kulipa, kamati imuulize muuzaji mmea umeoteshwa wapi, na jibu liandikwe kwenye daftari la mradi pamoja na bei.