Stars, Chipolopolo na jirani wa ng'ambo ya geti



Kabla hujaendelea, chukua Biblia usome Yona sura ya 3 na ya 4, kisha Luka 10:25-37. Ni dakika kumi tu. Tutakusubiri.

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, saa 2 usiku, Taifa Stars walishuka uwanjani San Pedro, Ivory Coast, kucheza na Zambia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Hiyo ni saa 2 ya Tunduma. Nakonde, hatua chache tu ukivuka geti, ilikuwa saa 1, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Mpinzani yuko pungufu, sisi tuna bao mkononi, na kila mtu kwenye vibanda umiza anahesabu dakika. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. 1-1. Mwisho wa makundi timu zote mbili zilikuwa na pointi 2, na zote mbili zikapanda ndege kurudi nyumbani.

Hayo unayakumbuka. Sasa hebu nikuulize: asubuhi ya siku ile ile, kwenye Misa, somo la kwanza lilikuwa lipi? Ilikuwa Dominika ya 3 ya Mwaka B, na somo lilikuwa Yona 3. Nabii anatumwa Ninawi, mji wa watu ambao taifa lake lilikuwa na kila sababu ya kuwaogopa na kuwachukia, Ninawi inatubu, Mungu anaihurumia. Wengi tulisikia, tukajibu "Tumshukuru Mungu", tukatoka kwenda kutafuta jezi.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Kuna vijana huuliza kama ni vibaya Mkristo kuishangilia timu ya taifa hadi sauti ikauke. Si vibaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2239, inafundisha kwamba kuipenda na kuitumikia nchi yako kunatokana na deni la shukrani na ni sehemu ya upendo wenyewe. Na fundisho hilo liko chini ya Amri ya Nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mtakatifu Paulo naye hakuona aibu kuchukua mifano yake kwa wakimbiaji na wapiga ngumi (1 Wakorintho 9:24-27). Kwa hiyo jezi ya Stars si kitu cha kupeleka kwenye kitubio.

Ugumu unaanzia pengine. Upendo huo unasema nini juu ya aliyefungwa?

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kulijibu swali hili kirahisi, kwa sababu kwake Mzambia ni jezi ya kijani kwenye runinga. Huku kwetu Songwe hiyo anasa hatuna. Mzambia ndiye mliyebadilishana kwacha na shilingi jana mchana. Ndiye mteja wa dukani kwa shangazi. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mjerumani na Mwingereza walipogawana ardhi hawakuuliza ukoo wa nani unaishia wapi, kwa hiyo kuna bibi ambaye wajukuu wake wengine wanaimba wimbo huu wa taifa na wengine ule. Treni ya TAZARA ikitoka Dar kwenda Kapiri Mposhi, safari ya kilomita 1,860, inapita hapa hapa kwetu kuingia kwao. Na Clatous Chama, ambaye mashabiki wa Simba walimwita Mwamba wa Lusaka, kisha watani wao wa Yanga wakampokea kwa shangwe mwaka 2024, ni wa wapi? Siku moja ni wetu, siku nyingine tunaomba akose penalti.

Ndipo ninapotaka tulichukue neno ambalo wazee wetu walituachia: utani. Siku hizi tunalitumia kwa Simba na Yanga tu, tukisahau lilikotoka. Wazaramo na Wanyamwezi walikuwa watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukusema usoni maneno ambayo angeyasema mwingine mngeshikana mashati. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na bei. Ukifiwa, mtani alitakiwa kuwepo. Alishika jembe kaburini, alifanya kazi nzito ambazo wafiwa hawakuziweza, na akawachekesha watu waliolia siku tatu. Aliyekuja na mdomo tu bila mikono hakuitwa mtani.

Kipimo hicho nakiona kizuri kuliko onyo lolote la "tushangilie kwa ustaarabu", ambalo kusema kweli halimsaidii mtu dakika ya 88. Kwa huyu unayemcheka, ungeshika jembe kwake?

Kwa Zambia, si swali la kufikirika. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi iliyobeba timu yao ya taifa kwenda Senegal kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Nahodha Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na angesafiri peke yake. Taifa likazika timu nzima. Ikaundwa nyingine, na haukupita hata mwaka ikafika fainali ya Afrika kule Tunisia, ikafungwa na Nigeria 2-1. Kisha tarehe 12 Februari 2012, katika jiji lile lile la Libreville, Zambia wakaifunga Ivory Coast kwa penalti 8-7 na kuchukua kombe. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua kwa ajili ya wale marehemu.

Sasa mtu akiandika kwenye kundi la WhatsApp mzaha wa ndege na bahari ili awachome Wazambia, huo haumo ndani ya utani. Hapo amekwenda msibani kucheka na hakubeba jembe.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi wenyewe tunalisahau. Furaha zetu kubwa mbili za soka zimetoka mikononi mwa Zambia. Mwaka 1979, bao la Peter Tino pale Ndola lilitupa sare ya 1-1, na kwa kuwa tulishinda 1-0 Dar es Salaam, tukafuzu fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Ilikuwa mara ya kwanza, na tulisubiri hadi 2019 kurudi tena. Tarehe 11 Juni 2024, Ndola hiyo hiyo, Waziri Junior akafunga mapema na tukashinda 1-0. Siku hizo zote mbili kuna nyumba za Nakonde zilizolala kimya.

Mtakatifu Yohane Paulo II, kabla hajawa padre, alikuwa kipa mzuri huko Wadowice, Poland. Vijana wa mji waligawanyika mara kwa mara, Wakatoliki upande huu, Wayahudi upande ule. Kipa wa Wayahudi asipokuwepo, Karol alikwenda kusimama golini kwao. Fikiria wenzake wa Jumapili wanapiga mashuti, na yeye anayazuia! Papa huyo huyo baadaye alifika Zambia mwaka 1989 na kwetu mwaka 1990.

Hata kriketi, mchezo ambao huku kwetu wengi hatujui hata pointi zake zinahesabiwaje, unatufundisha kitu. Vatikano ina timu yake tangu 2013, na mwaka 2014 ilikwenda Canterbury kucheza na timu ya Kanisa la Anglikana. Ndani yake walikuwamo waseminari kutoka India na Pakistani. Anayejua mataifa hayo mawili yakikutana kwenye kriketi kunakuwaje, ataelewa kwa nini kuwaona kwenye jezi moja si jambo dogo.

Turudi kwa Yona. Sehemu ambayo mara nyingi hatuhubiriwi ni sura ya 4. Ninawi imeokoka na nabii amekasirika, anatoka nje ya mji, anakaa kwenye kivuli asubiri kuona kama labda bado utaangamia. Yuko kama shabiki aliyekwisha kutolewa mashindanoni, lakini bado anawasha runinga kuombea jirani naye atolewe. Mungu hamfukuzi. Anamwotesha mmea, anamwondolea mmea, kisha anamuuliza swali, na kitabu kinaishia hapo. Jibu la Yona halikuandikwa.

Kwa kikao chenu cha wiki hii, VIWAWA au TYCS au jumuiya yoyote: mmoja asome Yona 4 kwa sauti, ina aya 11 tu. Halafu kila mtu afungue simu yake atafute alichoandika siku ya mechi ya mwisho ya Stars, na ajiulize kama angeweza kukisoma mbele ya mgeni kutoka Nakonde aliyeketi kiti cha pili. Mlio karibu na mpaka msiishie kujiuliza, mwalikeni kabisa huyo mgeni. Soda ziwe juu ya upande uliofungwa mara ya mwisho.