Mlango wa Kulala: Kwa Mtu wa Pwani Aliyeko Nyakatuntu

 

Watu wa pwani wameijua Karagwe tangu zamani. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, wafanyi biashara wa Kiarabu na wa pwani walikwisha kuwa na kituo chao Kafuro. Na aendaye leo kwa biashara ya kahawa akafika Nyakatuntu, katika wilaya ya Kyerwa iliyokatwa katika Karagwe mwaka 2012, huona mambo matatu yameugeuza usiku wake: kahawa, baridi na saa. Asiyeyajua hupoteza usingizi, na pengine Sala, na pengine roho.

Ama kahawa, mgeni katika nchi za Kagera hukirimiwa buni zilizotokoswa na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa, azitafune. Ni heshima, wala si adabu kuikataa. Lakini kahawa ya huko iliyo nyingi ni robusta, nayo ina kafeini karibu mara 2 ya arabika. Kafeini ndiyo imfukuzayo mtu usingizi, na baada ya saa 5 hivi nusu yake ingali mwilini. Basi anywaye saa 2 ya usiku, hata saa 7 ya usiku nusu ingali yamkesha. Masufi wa Yaman katika karne ya 15 waliinywa kwa makusudi hayo hayo, wapate kukesha kwa dhikri. Na aketiye barazani kwa maneno ya watu hupata mkesha wao bila ya ujira wao. Ale na anywe asubuhi, ya mwisho iwe kabla ya Adhuhuri. Akipewa usiku, apokee, ashukuru, aiweke.

Imesihi kwa Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanavyuoni walivua ilimu, mgeni na haja ya kheri. Mazungumzo ya simu nayo ni mazungumzo, na mwanga wake machoni huchelewesha usingizi. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi. Azipunguzaye miaka na miaka, matabibu wamemwona yu karibu zaidi na shinikizo la damu, na maradhi ya moyo na ya sukari.

Ama baridi, hapa ndipo penye khatari. Nyakatuntu ni nchi ya juu. Mtu wa pwani, aliyezoea kulala dirisha wazi, huziba kila tundu akaingiza jiko la makaa chumbani. Makaa, hata yasiyo na moshi, hata yaliyofunikwa jivu, hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hushika mahali pa oksijeni katika damu, mtu akalegea, akasinzia, asiamke tena. Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto majumbani wakati wa kulala. Wengi hufahamu kuungua tu, kwani imepokewa habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wamo. Lakini lafudhi yaenea kila moto, na wa jikoni umo. Basi jiko litolewe nje kabla ya kulala, naye aongeze blanketi. Wala chandarua asikiache kwa kudhani baridi imewamaliza mbu. Malaria iko Kagera.

Ama saa, Nyakatuntu iko magharibi ya Mombasa kwa digrii 8 na zaidi, na kila digrii ni dakika 4. Saa ya mkononi ni moja, lakini jua hufika huko limechelewa nusu saa na zaidi. Aliyechukua ratiba ya Sala ya pwani huamka kabla ya Alfajiri ya huko, akasali wakati haujaingia. Usingizi ameukata, na Sala haikusihi, yampasa kuirudia. Atafute ratiba ya mahali alipo.

Aliyepungukiwa usiku ana kailula: alale mchana dakika 20 au 30, asizidishe, asije akaamka na kichwa kizito na usiku ukamkimbia tena. Na iwapo Adhuhuri imekwisha ingia, asali kwanza. Kulala wakati umeingia naye hajasali ni makuruhu kwa mwenye kutumaini kuamka, au aliye na mtu wa kumwamsha. Na asiyetumaini kuamka kabla ya wakati kutoka, ni haramu kwake.